Tokeni za bure hazikuletei jamii

Watu wananifuata sana inbox na swali hili, mtu ana mradi wake wa blokcheini (daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja), programu inafanya kazi fresh kabisa, lakini grupu limepoa, wanaoongea ni maadmini wenyewe kwa wenyewe. Na wengi wanakuja na jibu tayari mkononi: tugawe tokeni, yaani sarafu za kidijitali za mradi.

Mimi nimekaa uadmini kwenye magrupu ya hivi muda mrefu na nakwambia kabisa, ukigawa kabla watu hawajajua mradi unafanya nini utapata namba tu. Mtu mmoja anafungua waleti (pochi za kidijitali) kibao, anachukua kwenye zote, anauza siku hiyohiyo, halafu unabaki na maboti na wale wa "bei inapanda lini". Najua utaniambia mbona Uniswap, lile soko la kubadilishana tokeni, waligawa. Ni kweli, Septemba 2020 waligawa tokeni 400 kwa kila anwani ya waleti, lakini angalia waliopewa, ni walioshautumia mradi kabla ya tangazo kutoka. Pale walikuwa wanashukuru watu ambao tayari wapo.

Kinachomshika mtu ni kazi. Akiuliza swali zuri akajibiwa, mwombe hapohapo aandike hilo jibu liingie kwenye maelekezo ya mradi, na jina analotumia liwekwe pale. Mwingine atafsiri ukurasa mmoja, mwingine ajaribu waleti kwenye mtandao wa majaribio aseme amekwama wapi, ndogo ndogo hivyo hivyo, na umjibu haraka maana mgeni akikaa siku mbili bila jibu harudi tena. Ukishaona anajibu wenzake bila kuombwa, msaidie awashe nodi yake mwenyewe, yaani kompyuta au seva inayosaidia kuendesha mtandao wa mradi.

Hapo kwenye nodi ndo pana uzito wote, na naona watu wanapapita mbiombio sana. Chukua yaliyotokea Steem, blokcheini ya mtandao wa kijamii, mwaka 2020. Kampuni iliyokuwa inashika fungu kubwa la tokeni ikauzwa, mmiliki mpya akaja na kura zake (pale tokeni nyingi ni kura nyingi), na baadhi ya masoko ya kubadilishia sarafu yakampigia kura kwa kutumia tokeni za wateja wao, waendesha seva waliokuwa wamechaguliwa na watumiaji wakatolewa. Jamii ikafanya nini? Ikanakili msimbo (maandishi ya programu yenyewe), ikahama na akaunti na maandishi yao yote ya nyuma, na tarehe 20 Machi 2020 blokcheini yao mpya, Hive, ikawaka. Sasa jiulize, waliwezaje kuhama haraka hivyo? Ni kwa sababu seva zilikuwa mikononi mwa watu wa kawaida wa jamii, msimbo wanaujua, na walishazoea kubishana na kuamua pamoja. Grupu la kusubiri matangazo lisingeweza kitu kama hicho hata siku moja, na hili naliamini kwa moyo wangu wote.

Kwa hiyo mabishano pia usiyafute. Mtu akipinga pendekezo lako kwa hoja, mjibu mbele ya wote, kufuta ni kwa matapeli na matusi tu.

Na wiki hii kaa na wenzako muangalie funguo ziko kwa nani, hazina ya mradi, jina la tovuti, ruhusa ya kuingiza msimbo, uadmini wa grupu. Kama vyote viko kwako peke yako, anza kugawa hivyo kwanza, tokeni zitasubiri.