Kamera inagonga ndani ikiwa imezimwa, ni mbovu?

Mkuu punguza presha. Umesema kamera yako ya Fujifilm X-S10 ya mtumba ukiitikisa ikiwa imezimwa inagonga ndani kok kok, na ukiiwasha inavuma kama kafriji. Zote mbili kawaida. Kamera yenye stebilaiza ya ndani, yaani kitu cha kutuliza picha mkono ukitetemeka, sensa yake (kile kipande kinachonasa picha) haijakazwa na skrubu, inaelea kwa nguvu ya sumaku za umeme, sasa ukizima umeme unakata inabaki huru inacheza. Mi yangu niliirudisha dukani mbio siku ya kwanza, muuzaji akacheka tu, akatoa nyingine kwenye boksi akaitikisa, kok kok vilevile.

We iwashe, subiri kidogo, itikise taratibu, kugonga kukiisha uko poa. Ule mvumo utausikia kwenye video za chumba kimya, tumia maiki ya nje.

Ila ikiwa imewashwa na bado inagonga, au inakwaruza, au picha inarukaruka kwenye skrini na umeishika vizuri, zima upeleke kwa fundi wa kamera, sio wa simu. Na usije ukaifunga kwenye hendo ya bodaboda kurekodi, ile mitetemo inaweza kuua stebilaiza kweli.