Jibu: Nguzo za kuzuia bodaboda zimewafungia njia wenye vitimwendo

Habari za leo, ndugu. Kama nimekuelewa vyema, mtaa wenu hapo Dar es Salaam umepata njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, bodaboda wakaivamia, na nguzo zilizowekwa kuwazuia sasa zinawakwamisha wenye vitimwendo.

Kwanza hakikisheni barabara hiyo ni ya nani, kwani barua nyingi za malalamiko hupotelea hapo: barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania), ilhali za mitaa ziko chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini). Kisha pimeni nafasi kati ya nguzo. Kitimwendo kinahitaji takriban sentimita 90, na pikipiki nyingi hupenya katika upana huohuo, kwa hiyo nguzo peke yake haziwezi kumpitisha mmoja na kumzuia mwingine. Katika kamati niliyoshiriki, kilichosaidia zaidi ni kukaa na viongozi wa kijiwe cha bodaboda na kuwatengea mahali pa kuegesha, kabla ya kuwaita mgambo (ambao, tukubaliane, jioni huondoka).

Kagueni pia miteremko kwenye vivuko vya waenda kwa miguu. Kila sentimita 1 ya kimo inahitaji angalau sentimita 12 za urefu. Pitieni njia yote pamoja na mtumiaji wa kitimwendo, mtu asiyeona na mwanamke anayeendesha baiskeli, mkipiga picha kila kikwazo, ikiwemo mitaro isiyo na mifuniko. Picha hizo ziambatanisheni na barua, na nakala impelekeeni diwani pamoja na mwenyekiti wa serikali ya mtaa.