Kadi ya Krismasi kwa Mama Mkwe

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mume wangu asema kadi za Krismasi ni anasa ya kidunia. Je, nitakosea nikimtumia mama mkwe aliye kijijini?
Msomaji, Kayole, Nairobi

JIBU: Marahaba. Hukosei, ingawa mumeo ana hoja kidogo: kadi ya kwanza ya Krismasi iliyouzwa madukani, ambayo Mwingereza Henry Cole aliagiza ichorwe huko London mwaka 1843, ilionyesha jamaa wakinywa divai, hata wapinzani wa ulevi wakakasirika. Chagua, basi, kadi yenye nafasi tupu, umwandikie mama kwa mkono wako jambo mahususi unalomshukuria Mungu kwa ajili yake, kama Paulo anavyowashukuria Wafilipi (1:3). Mumeo naye atie sahihi. Mama atatazama hapo kwanza.