Namba zilezile, jeni tofauti: nani kakosea?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nasoma uzamili hapa Morogoro, na utafiti wangu unahusu jeni zinazowasaidia panya kuhimili vimelea vya nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o. Nilinakili mipaka ya kipande cha kromosomu 17 kutoka kwenye makala ya zamani kidogo. Nikiiingiza kwenye kanzidata ya jenomu ya Ensembl napata orodha moja ya jeni. Mwenzangu akiiingiza kwenye kivinjari cha UCSC anapata nyingine. Tuamini kanzidata ipi?

JIBU: Marahaba. Ziaminini zote mbili, ila mnasoma matoleo mawili ya jenomu, yaani ya DNA yote ya panya. Ensembl inakufungulia GRCm39 (UCSC huiita mm39), toleo la mwaka 2020. Mwenzako nahisi yuko kwenye mm10, jina ambalo UCSC huipa GRCm38, toleo lililotangulia. Mwambie aangalie juu ya ukurasa: kivinjari kile hukumbuka toleo ulilolitumia mara ya mwisho, na hapo ndipo wengi hunaswa.

Chukueni jeni ya Tnf, iliyoko kwenye kromosomu hiyohiyo. Katika mm10 iko karibu na milioni 35.20, katika mm39 iko karibu na milioni 35.42. Hapo kuna tofauti ya zaidi ya jozi za besi (herufi za DNA) 200,000, na jeni haijahama hata hatua moja. Kilichobadilika ni vipande vilivyozibwa au kupangwa upya kabla yake. Namba isiyotaja toleo ni sawa na kuambiwa "shuka kituo cha tano" bila kuambiwa daladala ya wapi.

Kwa hiyo rudini kwenye sehemu ya mbinu ya makala ile mtafute toleo walilotumia. Likiwa mm9 au mm10, zana ya LiftOver ya UCSC itawahamishia namba hadi mm39. UCSC huandika "chr17", Ensembl huandika "17" tu. Tena, faili za BED, zinazoorodhesha mipaka ya vipande vya jenomu, huanza kuhesabu kwenye sifuri, si moja. Kosa la besi moja halitawaumiza kwenye kipande kikubwa, lakini kwenye badiliko la herufi moja ya DNA litawapeleka kwa jirani.

Kama makala ni ya miaka ya tisini, msihangaike na LiftOver, maana wakati huo jenomu ya panya ilikuwa haijasomwa. Ilichapishwa Desemba 2002. Kazi ya msingi kwenye somo lenu ilifanyika hapo jirani, ILRI Nairobi, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ikachapishwa 1997: panya wa nasaba ya C57BL/6 wanaostahimili Trypanosoma congolense, kimelea cha nagana, walizalishwa na wa A/J na BALB/c wanaokufa mapema, yakapatikana maeneo ya ustahimilivu, Tir1, Tir2 na Tir3, kwenye kromosomu za 17, 5 na 1. Ramani za enzi hizo zilipimwa kwa sentimorgani (kipimo cha umbali kinachotokana na urithi, si idadi ya besi) na alama za DNA zenye majina kama D17Mit na namba mbele yake. Chukueni majina ya alama zinazokizunguka kipande, mziingize MGI, kanzidata ya Jackson Laboratory, moja moja. Itawapa mahali zilipo leo. Mimi naiamini njia hiyo kuliko kubadili sentimorgani kwa kikokotoo.

Mkishapata mipaka, msianze kusoma jeni moja moja. Kromosomu 17 ndiyo yenye H2, eneo lililosheheni jeni za kinga, na kila moja itaonekana mtuhumiwa. Ingieni kwenye data za Mouse Genomes Project za taasisi ya Sanger, zenye DNA ya nasaba mbalimbali za panya, mtafute mahali ambapo A/J na BALB/cJ wanafanana na wote wawili wanatofautiana na C57BL/6J. Kuchuja hivyo ni kukisia kwamba udhaifu wa nasaba hizo mbili una chanzo kimoja, basi liandikeni hilo wazi kwenye tasnifu. Na msishangae safu ya C57BL/6J ikiwa tupu: data hizo huonyesha tofauti na jenomu rejea, na jenomu rejea ni yake yeye.

Orodha ya jeni msiifungue ovyo kwa Excel. Jina la zamani kama Sept2 hugeuka tarehe, na kitambulisho cha jeni kutoka RIKEN, taasisi ya Japani, kama 2310009E13 hugeuka tarakimu ya kisayansi. Ingizeni safu ya majina kama maandishi.

Mkifika hatua ya kuagiza panya, andikeni jina la nasaba hadi herufi ya mwisho. C57BL/6J amepoteza sehemu ya jeni ya Nnt. C57BL/6N anayo nzima, ila ana kasoro ya Crb1 inayoharibu retina. Mtu akiwaambia "ni Black 6 tu", jina la mkato la C57BL/6, muulizeni J au N kabla hamjalipa.