Kuhusu lile swali la kuacha kazi

Marahaba mwanangu. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, eti uache kazi ya benki ukae uandike riwaya tu, je utaishi? Sikukujibu kwa simu maana baba yako alikuwa sebuleni na unajua presha yake, basi nakuandikia.

Nikiwa form three bweni letu lilipata kitabu cha kijasusi, Kikosi cha Kisasi cha Elvis Musiba. Kilifika hakina jalada, kurasa zimelegea kama chapati ya jana, tukapangiana zamu kitanda kwa kitanda, ukipewa ni usiku mmoja, asubuhi unakiachia. Mi nilikisomea chooni kwa tochi maana matroni huko hafiki, yule mpelelezi wake Willy Gamba yuko Kinshasa anapambana na majasusi wa Makaburu na mi miguu imekufa ganzi wala sina habari, nafika mwisho kurasa hazipo! Zimechanwa. Ikabidi nisimuliwe na wa kitanda cha jirani, miaka mingi baadaye nanunua changu nakuta mwisho ule alijitungia mwenyewe yule binti, na niseme ukweli wa kwake ulikuwa mtamu pia.

Sasa we ni mtu wa hesabu. Bweni lile tulikuwa kama 40, aliyenunua mmoja. Sote tunamjua Musiba, tunambishania mezani, yeye kwenye wasomaji wote hao kapata asilimia yake ya kopi moja. Riwaya yake ya Kufa na Kupona ilitoka 1974, Kikosi ikaja 1979, hiyo miaka mitano katikati unadhani alikula nini? Alikuwa mfanyabiashara bwana, tena mkubwa, mpaka akaja kuongoza TCCIA, ile chemba ya biashara, viwanda na kilimo. Alipofariki 2010 sisi wengine tulimlilia Willy Gamba, wenzetu wa mjini walimlilia mfanyabiashara mwenzao.

Utaniambia mwandishi Ben Mtobwa, najua. Riwaya yake ya Dar es Salaam Usiku ilitoka 1990 chini ya Heko, kampuni ya kuchapisha vitabu, na Heko ilikuwa yake. Sawa, lakini kujichapishia nalo ni duka, karatasi ununue we, wenye maduka ya vitabu uwadai we, huko kuandika kwenyewe unakukuta saa sita usiku umechoka kuliko ulivyokuwa benki.

Kwa hiyo barua ya kuacha kazi usiipeleke kwanza. Andika alfajiri, andika likizo.

Ile sura uliyonitumia watsapu nimeisoma. Aya tatu za mawingu toa, Musiba hakuwahi kunisubirisha hivyo. Na huyo mpelelezi wako anashukaje daladala Kariakoo saa kumi na moja jioni halafu anakimbia? Akimbilie wapi na zile meza za wamachinga? Ila pale mlango unapogongwa na yeye bastola kaiacha kwa shangazi nilisimamisha mboga jikoni, ikaungua. Sura ya pili nitumie leo, isiwe tena mambo ya kurasa kuchanwa.