Simu ya marehemu mama imenigombanisha na kaka

*Shangazi, shikamoo. Mama yetu amefariki Muheza wiki tatu zilizopita. Mimi naishi Tabata, kaka yangu mkubwa yuko kulekule nyumbani. Siku ya kurudi Dar niliondoka na pochi ya mama. Ndani mna simu yake, kitambulisho cha NIDA na karatasi tuliyopewa hospitali. Kila usiku nasikiliza voisi zake. Kaka anaitaka simu, anasema ina pesa za kikoba, na namba ya siri anaijua. Nimekataa, sasa hapokei simu zangu. Arobaini inakaribia na naogopa kwenda. Tena Jumamosi wenzangu wa kazini walinipeleka Kigamboni kula samaki, nikacheka sana. Jirani akasema nimemsahau mama mapema. Nifanyeje? – Binti wa Tabata*

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa msiba.

Nianze na ile karatasi ya hospitali, uliyoitaja kwa kupita tu. Hilo ndilo tangazo la kifo, na wiki hii lina haraka kuliko simu. Kifo hutakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30, katika wilaya kilikotokea. Kwenu ni Muheza, na aliyeko Muheza ni kaka. Mmebakiwa na siku tisa hivi. Arobaini iko nje ya siku hizo, kwa hiyo usiseme utaibeba ukienda. Mkichelewa cheti mtapata, lakini kwa gharama zaidi na mlolongo wa maswali.

Ipige picha pande zote mbili. Itie kwenye bahasha pamoja na kopi ya NIDA, uende ofisi ya basi la Tanga pale stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, uiandikishe kama kifurushi kwa jina na namba ya kaka, na risiti ubaki nayo. Usimpe kondakta mkononi bila maandishi. Kabla ya kufunga bahasha, linganisha majina herufi kwa herufi. Kama hospitali wameandika Mwanaidi na NIDA inasema Mwanahidi, mwambie kaka aliseme mapema, kwa sababu tofauti hiyo ikishaingia kwenye cheti mtaandikiana hati za kiapo hadi mchoke.

Kuhusu pesa, hapo kaka amekosea, hata kama nia yake ni njema. Pesa iliyo kwenye simu ya marehemu ni mali ya mirathi. Akiitoa kwa namba ya siri, muamala unabaki na tarehe na saa, na yeyote atakayeomba taarifa ya laini ataona mama "alitoa" pesa baada ya kuzikwa. Utaratibu ni huu: cheti cha kifo, kikao cha ukoo chenye muhtasari uliosainiwa, kisha maombi mahakama ya mwanzo. Atakayeteuliwa msimamizi ndiye atakayekwenda na barua ya mahakama kwenye duka la mtandao wa simu husika. Msimamizi si mrithi. Ndani ya miezi minne anatakiwa kurudisha mahakamani orodha ya mali, na baadaye hesabu. Kama ninyi ni Waislamu, madeni yanalipwa kwanza, ndipo mafungu yagawanywe. Na kama mama alikuwa mweka hazina wa kikoba, zile za wanachama hamrithi hata shilingi. Mwombeni katibu daftari mapema, kabla wenzake hawajaanza kunong'ona.

Sasa voisi. Nadhani hujagundua kwamba zile mama alizokutumia wewe ziko kwenye simu *yako*, maadamu hukuzifuta wala kubadilisha simu. Kama simu yako ni ya Android, fungua programu ya mafaili, ingia Android, kisha media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, halafu WhatsApp Voice Notes. Utakuta mafolda yenye mwaka na namba ya wiki, na ndani yake mafaili yanayoanza na PTT na tarehe, yanayoishia na opus. Jina la faili halisemi aliyetuma, kwa hiyo utakaa uyasikilize moja moja. Yanakili kwenye kompyuta na kwenye fleshi, sehemu mbili. Kompyuta ikikataa kuyafungua, weka VLC.

Zile alizowatumia wengine ziko kwenye simu yake, kwenye folda kama hiyohiyo ya WhatsApp Voice Notes. Kabla ya kuifungua, weka hali ya ndege. Ukiwasha data na kufungua WhatsApp, wapo ndugu watakaoona "mtandaoni" chini ya jina la marehemu usiku wa manane, na sidhani kama unataka simu za aina hiyo. Zilizokwisha kupakuliwa husikika bila intaneti. Hamisha kwa waya. Usiifute WhatsApp, usiirudishe simu kiwandani, wala usichomoe laini ukasajili WhatsApp kwenye simu nyingine: ya zamani itatoka, na bila ujumbe wa uthibitisho hutairudia. Usikawie pia. Akaunti isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa, na laini iliyolala muda mrefu huweza kupewa mtu mwingine.

Ukishanakili, simu huihitaji tena. Ipeleke arobaini uikabidhi mbele ya wazee, ikiwa imezimwa, na iandikwe kwenye muhtasari nani anaitunza.

Kwa hiyo nenda. Zile siku 4 za msiba kazini nadhani umeshazimaliza, lakini likizo ya mwaka ya siku 28 ipo. Omba Ijumaa na Jumatatu. Shuka Muheza penyewe, usipitilizwe hadi Tanga mjini.

Jirani mwache. Eda ya miezi minne na siku kumi ni ya mjane. Mtoto hamkalii mzazi eda. Samaki wa Kigamboni hakumtoa mama moyoni mwako, na wenzako wakikuita tena, panda pantoni.

Kaka hapokei simu, basi mwandikie ujumbe wa kawaida, mfupi: "Kaka shikamoo. Nimetuma tangazo la kifo na kopi ya NIDA kwa basi la leo, picha ya risiti hii hapa. Naomba ukasajili kabla siku 30 hazijaisha, gharama nitumie nichangie. Simu nakuja nayo arobaini, sijagusa pesa, na wewe naomba tusubiri mahakama." Usiongeze lawama yoyote chini yake. Utume asubuhi, ukishaiacha bahasha Mbezi.