Anza na usukani wa mkia: kwa anayejiundia ndege ya Zenith

Zenith Aircraft ni kiwanda kidogo kilichoko mji wa Mexico, jimbo la Missouri, Marekani. Kinauza vipande vya ndege nyepesi kama CH 750, na mnunuzi anaviunga mwenyewe. Usiagize ndege nzima mara moja. Chukua kwanza usukani wa mkia, yaani kile kibao cha wima cha nyuma kinachoelekeza pua ya ndege kushoto au kulia, na ukiweza kufika kiwandani, uunde kwenye mafunzo yao ya siku 2. Ni kipande kidogo, lakini kina mhimili, mbavu na bati la kufunika, kazi ileile utakayoikuta kwenye bawa. Ukikiharibu, hasara yake inabebeka.

Meza iwe tambarare. Ihakikishe kwa pima maji. Kipande kikifungwa ribiti (pini yenye msumari katikati, ambao bunduki ya ribiti huuvuta hadi ukatike na pini ikaze mabati) kikiwa kimejipinda, kitabaki hivyo hivyo, hakinyooshwi tena.

Kazi yenyewe iko kwenye matundu. Ribiti ya A4 ina kipenyo cha inchi 1/8 na tundu lake hutobolewa kwa biti namba 30. A5 ni inchi 5/32, biti namba 20. Shikiza mabati kwa kleko, vile vibanio vya muda: vya rangi ya shaba kwa A4, vyeusi kwa A5. Ukishatoboa, tenganisha mabati tena. Wengi huruka hatua hii kwa haraka, na hapo ndipo kazi inapoharibika: chembe za alumini zikibaki katikati, ribiti itakaza lakini mabati hayatagusana, na baada ya muda mtikisiko utailegeza. Ondoa makali kwenye kila tundu, pande zote mbili, safisha, paka dawa ya kuzuia kutu panapokutana mabati, kisha rudisha kleko.

Mdomo wa bunduki ya ribiti lazima uwe umechongwa kishimo, kama Zenith wanavyoelekeza. Ribiti zao zina kichwa bapa, na kishimo hicho ndicho kinachokikunja kiwe kuba na kukandamiza bati. Usitumie mdomo wa kawaida.

Ribiti ikikaa vibaya, usikimbilie drili. Sukuma kwanza kipande cha msumari kilichobaki ndani yake. Ni kigumu kuliko alumini, kwa hiyo kikibaki, biti itateleza pembeni na kupanua tundu. Likishapanuka, weka A5 badala ya A4, ila hakikisha kutoka katikati ya tundu hadi ukingoni pamebaki angalau mara 2 ya kipenyo cha ribiti.

Piga picha kila hatua na uandike tarehe. Sheria ya Marekani inataka sehemu kubwa ya ndege iundwe na watu wanaojifunza au kujiburudisha, na kumbukumbu hizo ndizo ushahidi wako. Chama cha EAA, cha watu wanaojiundia ndege, kina washauri wa kujitolea wanaokuja kukagua. Mwite mmoja kabla hujafunga bati la mwisho la bawa, wakati ndani bado panaonekana.